Mzee wangu aliuliza kama ng'ombe alikuwa anaumwa

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku, watu wote wamelala, kwa sababu mchana siwezi kulitamka jambo hili mbele ya mtu yeyote wa nyumba hii.

Mimi ni Mtanzania, naishi kando ya jiji la Dallas, Texas, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimeolewa, tuna watoto wawili. Baba yangu mzazi amekuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 74, na viza yake tumeihangaikia hadi nikakata tamaa. Baba ni mtu wa Mpwapwa. Kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa mifugo kwenye kituo cha utafiti pale pale Mpwapwa, na nyumbani alifuga wake. Ada zetu zote zilitoka zizini. Kila Januari maksai mmoja alipelekwa mnadani, nasi tukaenda shule.

Basi nikajiambia, huyu mzee aliyeuza ng'ombe wake ili mimi nisome, leo nimlishe nyama ambayo hajawahi kuiona. Kazini nawasikia wenzangu wakiisifia nyama ya Kijapani, wagyu, Kobe, kwamba inayeyuka mdomoni. Nikaenda kwenye bucha moja linalouza nyama za hali ya juu. Si bucha kama tulizozizoea, zenye gogo na panga. Ni kabati la kioo, taa, na kila kipande kina kibao chake. Kibao nilichokiona kiliandikwa "Kobe Style Wagyu". Nikamuuliza kijana muuzaji kama ndiyo yenyewe ya Japani. Akanijibu kwamba ni kiwango cha A5, sitapata bora kuliko hiyo. Akanionyesha steki mbili nene, kila moja ina mfupa mrefu uliosafishwa hadi mweupe, kama mpini wa jembe. Kila moja ilikuwa na uzito wa paundi mbili. Dola 95 kwa paundi. Jumla 380.

Shangazi, sikuwa nazo. Nilikuwa na 120 za matumizi. Mwezi huu mimi ndiye ninayeshika fedha za mchezo wetu wa akina mama, wa kupeana fedha kwa zamu, na bahasha ilikuwa kwenye pochi. Nikachomoa 260. Mume wangu nikamwambia nyama ni dola 120.

Jumamosi nikaiandaa moja kama nijuavyo mimi. Niliiloweka usiku kucha kwa tangawizi, kitunguu saumu na limao, kisha nikaiweka kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Haikupita dakika mbili moto ukalipuka. Mafuta yalidondoka, ndimi zikapanda hadi usawa wa kifua, mume wangu akawavuta watoto ndani. Nje ikawa nyeusi tii, ndani mbichi na inateleza. Baba alitafuna vipande vitatu, akanawa mikono. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu ng'ombe alikuwa anaumwa? Mbona nyama yake nyeupe ndani kama imeingiwa na kitu?"

Jumapili mume wangu akaikuta risiti kwenye mfuko wa gari. Hajanipigia kelele. Aliiweka tu mezani, akaniambia, "Kwa hiyo sasa tunadanganyana." Tangu hapo ni "habari" na "usiku mwema". Baba chumba chake kimepakana na jiko, najua amesikia. Kuanzia siku hiyo hataki nyama. Anaomba ugali na mboga za majani, anasema tumbo lake limezoea hivyo. Najua si tumbo. Anaondoka baada ya wiki tatu.

Steki ya pili iko kwenye friza. Kila nikifungua naiona. Naomba unisaidie. Je, niliibiwa? Kile kipande kilichobaki nikifanye nini? Na hawa wanaume wawili nitawatazamaje usoni?

Mama Neema, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijaigusa nyama nataka tuiondoe bahasha mezani. Dola 260 zile si zako, wala si za mumeo. Ni za wanawake waliokuamini, na mmoja wao tayari ameshazipangia kazi kichwani mwake. Zirudi kabla ya siku ya zamu, hata kama ni kwa kuongeza shifti mbili au kwa kumwomba mumeo. Nadhani utalazimika kumwomba mumeo, na hilo ni jema kwako kuliko unavyoliona usiku huu. Nitalirudia.

Sasa nyama. Nimesimama nyuma ya kaunta ya bucha miaka tisa hapa Marekani, na nyama unayoisema nimeikata kwa mikono yangu, ya Japani na ya hapa. Umeniuliza kama uliibiwa. Jibu limo ndani ya barua yako, pale ulipoutaja mfupa.

Nyama ya ng'ombe ya Japani huruhusiwa kuingia Marekani ikiwa imetolewa mfupa. Ni masharti ya serikali, kwa ajili ya magonjwa ya mifugo. Kwa hiyo steki yenye mfupa mrefu kama mpini wa jembe, iliyouzwa Dallas, haikutoka Japani. Ng'ombe wako alizaliwa, akala na akachinjwa nje ya Japani, na kwa Texas karibu hakika ni ng'ombe wa hapo hapo Marekani. Hilo tu lingetosha, lakini nataka uyajue na mengine, maana utarudi dukani na ni vizuri uende ukiwa na maneno kamili.

Lile neno "Style" kwenye kibao lina maana ya "kwa mtindo wa". Kobe ni jiji, liko mkoa wa Hyogo. Ili nyama iitwe Kobe, ng'ombe lazima awe wa ukoo wa Tajima, azaliwe na kulelewa Hyogo, achinjwe katika machinjio ya mkoa huo huo, awe mtamba ambaye hajazaa au maksai, mzoga wake usizidi kilo 499.9, na mafuta ya ndani ya mnofu yafike angalau 6 kwenye kipimo kinachoanzia 1 hadi 12. Akishinda yote hayo ndipo mzoga unapigwa muhuri wa ua la krisanthemi. Nyama hiyo ilianza kuuzwa nje ya Japani mwaka 2012, na Marekani iliipata mwaka huo huo. Watu waliokuwa wakijisifu kula Kobe New York au Dallas kabla ya hapo walikula kitu kingine. Hadi leo maduka yanayoiuza kihalali nje ya Japani yameorodheshwa na chama cha wenye Kobe wenyewe, na orodha hiyo kila mtu anaweza kuisoma kwenye tovuti yao. Bucha lenye Kobe ya kweli halikubandikii neno "Style". Litakuonyesha karatasi kabla hujaomba.

Na ile A5. Hapa ndipo yule kijana alipokukosea, kwa kujua au kwa kutojua. A5 ni daraja la Japani, hutolewa na wakaguzi wa Japani juu ya mzoga uliochinjwa Japani. Hukata kati ya ubavu wa sita na wa saba, wakaangalia. Herufi haihusiani na utamu. A maana yake mzoga umetoa nyama nyingi ukilinganisha na uzito wake, B kiasi, C kidogo. Tarakimu ndiyo ubora, kuanzia 1 hadi 5, na huangaliwa mambo manne: mafuta ya ndani, rangi ya nyama, uimara wake, na rangi ya mafuta. Alama ya chini kabisa kati ya hizo nne ndiyo inayobaki. Ili mafuta yapewe 5, lazima yafike 8 hadi 12 kwenye kile kipimo cha 1 hadi 12. Mzoga wa Marekani haupimwi hivyo. Wenyewe wana Select, Choice na Prime, na baada ya Prime hakuna ngazi nyingine. Wafugaji wengine wa hapa huazima kipimo cha Kijapani ili wajieleze kwa wateja, si vibaya, lakini mtu akikuambia A5 ya Marekani, ametaja kitu ambacho hakipo.

Kuna jambo moja ambalo baba yako atalielewa haraka kuliko wewe: hereni. Kila ng'ombe wa Japani huvalishwa hereni yenye namba ya tarakimu kumi tangu ndama. Walianza baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kugunduliwa kwao mwaka 2001, na mwaka 2003 wakaliwekea sheria. Namba hiyo humfuata ng'ombe hadi kwenye nyama. Ukiwa nayo unaiandika kwenye tovuti ya kituo chao cha taifa cha ufugaji, unaona alizaliwa lini, jike au dume, aina gani, alihamishwa shamba lipi kwenda lipi, na siku aliyochinjwa. Siku ukitaka kununua nyama ya Japani kweli, swali lako la kwanza liwe hilo: naomba namba ya ng'ombe. Nimewaona wanawake wa Kihindi na wazee wa Kivietnamu wakiuliza swali hilo kwa Kiingereza cha maneno matatu, na muuzaji akaenda mwenyewe kulileta sanduku. Wewe una Kiingereza cha miaka kumi na moja. Usiogope taa za duka.

Basi, uliibiwa? Ulichokinunua ni wagyu wa Marekani, yaani ng'ombe mwenye damu ya Kijapani aliyefugwa hapa, na hicho ni kitu halali na kitamu. Lakini uliambiwa ni kitu kingine, na ukalipa bei inayokaribia ile ya kitu kingine. A5 halisi mara nyingi hupita dola 100 kwa paundi, na haina mfupa wa kupimiwa. Wewe umelipa 95, na mfupa ukapimwa humo humo. Mimi naita hiyo dhuluma. Rudi dukani. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, wateja wakiwa wachache, beba risiti na ile karatasi iliyobandikwa kwenye kifungashio, na umwombe mwenye duka, si yule kijana. Mwambie: niliuliza kama ni ya Japani, nikajibiwa ni A5. Naomba unionyeshe cheti cha A5. Kisha nyamaza. Usijaze kimya chake kwa maelezo yako. Nyama iliyokwisha kugandishwa nyumbani huenda asiipokee tena, hiyo ni haki yake, ila tofauti ya bei unaweza kuidai. Akikataa na una ushahidi wa maandishi, ofisi ya mwanasheria mkuu wa Texas hupokea malalamiko ya walaji. Ukiwa na neno la mdomo peke yake itakuwa vigumu, nisikufiche. Ndiyo maana nasema soma ile karatasi vizuri. Yawezekana kibao kilisema "Kobe Style" na karatasi inasema kweli tupu.

Wasomaji wangu Waislamu mtaniuliza, nami nawajibu hapa hapa kwa ufupi: kuwa ya Japani au kuwa ya gharama hakuifanyi nyama kuwa halali. Japani yapo machinjio yenye cheti cha halali. Uliza cheti hicho kwa jina, na kisipokuwepo ondoka.

Nije kwa baba yako.

Mama Neema, swali lile lilikuumiza kwa sababu ulilisikia kama dharau. Mimi nimelisoma nikamwona mfugaji aliyetazama nyama kwa makini kuliko sisi sote. Mzee huyu amechuna na kupasua ng'ombe maisha yake yote. Zebu, hawa ng'ombe wetu wa nundu, huweka mafuta nje: chini ya ngozi, kwenye nundu, kuzunguka figo. Mnofu wenyewe ni mwekundu. Akikutana na mnofu wenye michirizi myeupe katikati ya nyuzi, kila penye unyuzi pana mafuta, aseme nini? Amesema alichofundishwa na kazi yake, kwamba nyama iliyobadilika rangi ina habari ya kusema. Ulipaswa kumjibu, nawe ukanyamaza kwa sababu hukuwa na jibu. Sasa nakupa.

Mwambie huyo ng'ombe hakuumwa. Mwambie kuna ng'ombe weusi wa milima ya Japani waliokuwa wakivuta majembe ya mpunga na mizigo, na kwamba damu yao ina tabia ya kuhifadhi mafuta ndani ya msuli. Baadaye watu walipoacha kulima kwa ng'ombe wakaanza kuchagua waliozidi kwa tabia hiyo, wakawalisha nafaka kwa muda mrefu, na kumchinja akiwa na miezi kama 28 hadi 30. Mafuta hayo ni laini. Kata kipande kidogo kama punje ya harage, mwekee kiganjani, mwache akisugue kwa kidole gumba. Kitalainika kwa joto la mkono wake. Mafuta ya zebu hayafanyi hivyo. Atakuwa ameliona kwa mkono wake, na mfugaji huamini mkono.

Halafu mwambie habari ya fahali Tajiri. Sikutungii. Mwaka 1939 huko Hyogo alizaliwa fahali aliyeitwa Tajiri. Kwao ni jina tu, halina maana ya kwetu. Alizaa ndama zaidi ya elfu, na wenye kuweka kumbukumbu za ng'ombe wa Japani walipofuatilia koo, walikuta kwamba karibu majike yote meusi ya kuzalisha nchini humo, asilimia 99.9, ni wa uzao wake. Mpe mzee hadithi hiyo jioni moja, umwache aiulize maswali. Nakuhakikishia atataka kujua mama yake Tajiri alikuwa nani.

Na ukifika kwenye ng'ombe wa Marekani, mwache yeye ndiye akueleze. Kituo cha Mpwapwa ndicho kilichotengeneza ng'ombe wenye jina la Mpwapwa, kwa kuchanganya damu ya Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi, zebu wetu, Boran, na Ayrshire kidogo. Baba yako amefanya kazi mahali ambapo hesabu ya damu ndiyo lugha ya kila siku. Wewe mpe mambo yenyewe tu. Mwaka 1976 waliletwa Marekani mafahali wanne kutoka Japani, wawili weusi, wawili wekundu, bila jike hata mmoja. Majike yalikuja miaka ya 1990, na kabla muongo huo haujaisha Japani ikafunga mlango. Muulize: baba, ukiwa na mafahali wanne na majike wa aina nyingine tu, unafanyaje? Atakujibu kama anavyojua jina lake. Ndama wa kwanza ana nusu. Mpandishe tena kwa fahali wa damu ile, robo tatu. Endelea hivyo hadi kizazi cha nne, unapata asilimia 93.75. Na ndiyo namba ile ile ambayo chama cha wafugaji wa wagyu wa Marekani kinaitumia kumwita ng'ombe wa damu safi kwa kupandishwa. Wa asilimia mia, wasiochanganywa kamwe, wana jina lao na bei yao. Kinachouzwa mabuchani kwa wingi ni chotara wa nusu kwa nusu, mama yake ni wa aina ya Angus. Hicho ndicho, kwa makadirio yangu, kilicho kwenye friza yako. Swali la pili la kuuliza dukani ndilo hilo basi: damu ni asilimia ngapi? Muuzaji anayeijua nyama yake hulijibu bila kutazama juu.

Mlipo ninyi kuna na wale wekundu, wa ukoo wa Kumamoto, ambao Wamarekani huwaita Akaushi. Kundi lililokuja mwaka 1994 lilizalishwa Texas, na mashamba yao yapo. Nyama yao ina mafuta kiasi, mnofu unasikika mdomoni, na kwa mtu aliyezoea kutafuna nyama nadhani ingemfaa zaidi kuliko A5. A5 yenyewe mzee wako asingeipenda, hata ungelipa dola elfu. Wajapani wenyewe hawaili kwa steki ya paundi mbili. Huila vipande vichache vyembamba, gramu 80 hivi, wameshiba ladha. Ungempa nusu kilo angeumwa tumbo usiku, na swali lake lingekuwa la pili hilo.

Kuhusu moto wa Jumamosi, kosa halikuwa lako peke yako, ni la desturi mbili kukutana. Nyama choma yetu ni ya mnofu mkavu, unaiweka juu ya mkaa polepole na mafuta machache yanasaidia. Hii mafuta yake yanayeyuka mapema na yote yanadondoka kwenye mkaa, lazima iwake. Na kuiloweka usiku kucha kwenye limao ni dawa ya nyama ngumu. Kwenye nyama laini limao hula nyuzi za juu, zinakuwa kama uji, na tangawizi hufunika kile ulicholipia.

Kile kipande cha pili kipike hivi. Kitoe kwenye friza, kiweke kwenye friji juu ya sinia siku mbili kabla. Usikiyeyushe kwa maji moto wala kwenye maikrowevu. Siku yenyewe, mwite baba jikoni mpe kisu. Mwombe yeye ndiye autenge mnofu na mfupa, kazi hiyo anaijua kuliko wewe na mimi. Mnofu mkate vipande vya unene wa kidole. Paundi mbili ukitoa mfupa zinawatosha watu watano, si chakula cha kujaza sahani. Washa kikaango kizito cha chuma hadi kitoe moshi mwembamba. Usitie mafuta. Chukua kipande cha mafuta yake yenyewe, kisugue kikaangoni kwa uma. Chumvi nyunyiza dakika ile ile unayoweka nyama, hakuna kingine. Vipande vitatu kwa mkupuo, visisongamane. Utasikia sauti kali, na harufu itakayokujia si ya nyama choma, ni kama siagi iliyopata moto na karanga mbichi zikiwekwa kwenye chungu. Dakika moja na nusu, geuza, dakika moja na nusu. Wazee wetu hawapendi kuona damu, basi ongeza dakika moja. Mafuta yale yanailinda, haitakauka kama steki ya kawaida. Itue dakika tano ubaoni, kisha uikate vijipande vya kula kwa mkono.

Limao lako liweke sasa, kwenye kachumbari. Kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi, limao jingi. Na ugali wa moto. Nyama ya mafuta hii inataka kitu kikali na kitu kisicho na ladha kando yake. Wajapani hutumia wali na kachumbari zao za siki. Ugali wa dona unafanya kazi ile ile.

Lakini usiwashe kikaango hicho kabla hujazungumza na Baba Neema. Mumeo alikuambia neno moja tu, na neno hilo halikuwa dola 380. Alisema mnadanganyana. Kwa hiyo usiende kwake na habari za nyama, za kijana wa dukani, wala za Hyogo. Akikusikia unaanza na dhuluma ya bucha ataona unatafuta pa kujificha. Anza na bahasha, maana hiyo hata yeye hajaijua, na akija kuijua kwa mdomo wa mwanamke mwingine wa mchezo utakuwa umelivunja mara mbili. Mwambie kiasi, mwambie tarehe ya zamu, mwambie uliona haya kumwambia kwamba unataka kutumia fedha nyingi kwa baba yako. Kisha muulize kama angekukatalia. Mimi nadhani, kwa mtu aliyewavuta watoto ndani kwanza moto ulipolipuka na akaiweka risiti mezani bila kukuaibisha mbele ya mkwewe, asingekukatalia. Angekuambia nunua moja.

Na mzee, msimwachie ugali na mboga kwa wiki tatu. Amejiadhibu kwa kosa lisilo lake, kama wazee wetu wafanyavyo wakihisi wamekuwa mzigo nyumbani kwa mkwe. Hilo wewe peke yako hutaliondoa. Mwombe mumeo ndiye amwambie, kwa kinywa chake, "Baba, kesho tunakuhitaji jikoni." Neno la mkwe litamfungua kuliko yako kumi.

Mfupa ule usiutupe. Umekwisha kuulipia kwa bei ya mnofu. Mkishaula mnofu jioni, usiku utie mfupa kwenye sufuria kubwa na maji, kitunguu kizima, tangawizi (hapa sasa tangawizi ina kazi), pilipili manga na chumvi, uuache kwenye moto mdogo hadi alfajiri. Engua mafuta ya juu, yatakuwa mengi, yaweke kwenye kikombe utakaangia viazi. Mzee akiamka, mpe bakuli la supu, ndimu na chapati moja, ukae naye pale mezani kabla watoto hawajaamka.

Shangazi